Kwa Mchezaji wa Kwanza, kutoka kwa Mwenye Pedi ya Pili

Kaka Eli, mchezaji wa kwanza,

Shikamoo. Habari za Mtwara? Usinijibu kwamba ni nzuri tu, maana ndivyo unavyomjibu kila mtu, halafu simu inakatika yenyewe. Safari hii nimeamua kuandika, tena nimeandika wazi na kuiweka kwenye kundi la familia, mashangazi wote waisome, hata yule wa Sanya Juu asiyejua kuzima simu kanisani. Nimefanya makusudi. Sitaki useme haikukufikia.

Juzi nilipanda Masama kumsaidia Mama kupaka chokaa. Unajua Desemba ya kwetu ilivyo. Wa Dar wako njiani, kila nyumba inajipodoa, na Mama hawezi kukubali ukuta wa jirani ung'ae kuliko wake. Akanituma darini nikamtafutie brashi. Brashi sikuiona, ila kwenye kona niliona sanduku limefungwa kwa khanga yake ya zamani, fundo limekazwa kama anavyokaza yeye, la kufunguliwa kwa meno. Nikafungua. Ndani ilikuwa TV game yetu.

Yenyewe, Kaka. Ile iliyokuwa nyeupe siku ya kwanza na sasa imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Pedi mbili zimelazwa ubavu kwa ubavu, waya zimezungushwa taratibu, na kaseti imefungiwa kwenye mfuko wake wa plastiki ili unyevu usiiguse. Nilikaa kwenye vumbi nikacheka peke yangu hadi Mama akauliza kutoka chini nimeona nini huko. Nikamwambia nimeona brashi.

Unakumbuka ilivyoingia nyumbani? Baba alikuwa mzee wa kanisa, na mzee wa kanisa hawezi kupita soko la Kwa Sadala mchana kweupe amekumbatia mchezo wa watoto. Kwa hiyo alipotoka Moshi mjini aliuzika ndani ya gunia la pumba za ng'ombe, akapanda nalo taratibu kama mtu asiye na neno. Bahati mbaya ni Mama aliyewahi kwenda kulisha. Alizamisha mikono kwenye pumba akaibuka na pedi, waya unaning'inia, akaishika mbali na mwili wake kama panya aliyenaswa. Alimuuliza Baba tangu lini ng'ombe wakala umeme. Baba, bila hata kukohoa, akasema ni kifaa cha kuwafundisha watoto Kiingereza.

Mama hakuamini, ila alitunga sheria, na sheria yake ilikuwa moja tu: hakuna gemu kabla ng'ombe hajala. Sidhani kama kuna ng'ombe aliyewahi kushiba Masama nzima kama yule wetu. Tulikata majani tukikimbia, tulichanja migomba tukikimbia, hadi majirani wakawa wanatuonyesha kwa watoto wao kama mfano wa watoto wenye bidii. Wangejua.

Na ile kaseti ya uongo. Juu yake iliandikwa kwamba ina mamia ya gemu, kumbe ni zile zile chache zinajirudia kwa majina mengine. Likizo nzima tulishuka nayo orodha, tukiamini huko chini kabisa kuna gemu ambayo hakuna mtoto wa mlimani aliyeiona. Hatukuikuta. Ikigoma kuwaka ulikuwa unaichomoa na kuipuliza, halafu unanikataza mimi nisipulize kwa sababu eti pumzi yangu ina mate. Nikipuliza mimi ikawaka, ulisema imewaka kwa pumzi yako ya mwanzo.

Wewe ulikuwa mchezaji wa kwanza siku zote. Hilo halikujadiliwa, wewe ndiye mkubwa. Mimi nilipewa pedi ya pili, na siku ya kwanza kabisa nikagundua kwamba haiko sawa na yako. Haina kitufe cha kuanzia. Ningeweza kuruka, kupiga risasi, kukimbia mbele na nyuma, lakini kuanzisha mchezo sikuweza. Nililazimika kukaa nikikutazama hadi wewe uamue. Unakumbuka ulivyokuwa unachelewesha kwa makusudi, unajifanya unakuna mguu?

Gemu yetu ilikuwa ile ya vijamaa wawili wanaokimbia msituni, wako wa kijani, wangu wa njano. Wangu alikuwa anakufa mapema. Hapo ndipo ulipokuwa unashusha sauti, unakuwa mtangazaji wa redio anayesoma vifo: "Familia ya Bwana Askari wa Njano wa Masama inasikitika kutangaza kifo cha kijana wao, kilichotokea ghafla baada ya kuruka vibaya." Nilikuwa nacheka huku nalia. Hata leo nikisikia matangazo ya vifo redioni inabidi nitoke nje, watu wasije wakanielewa vibaya.

Lakini ikitokea mimi ndiye ninayeongoza, mguu wako ulikuwa na kawaida ya kukanyaga waya wangu kwa bahati mbaya. Kijamaa wangu anasimama katikati ya risasi kama anasubiri basi. Nikianza kulia, wewe unajua Mama akisikia, TV game inafungiwa kabatini. Ndipo ulipogundua dawa yako.

Kwa mashemeji walioko humu kundini na hawakukulia kwetu, niwaeleze. Isale ni lile jani refu la kijani tunalopanda mpakani mwa kihamba, yaani shamba la nyumbani. Mtu aliyekukosea akikuletea isale lililofungwa fundo, umekwisha, huna pa kukimbilia. Lazima umsamehe. Watu wameacha ugomvi wa mashamba kwa ajili ya jani hilo, na familia zilizokuwa hazisalimiani zimekaa meza moja. Kaka yangu huyu alilitumia kwa waya wa pedi.

Ulikuwa unatoka mbio kupitia mlango wa jikoni, unachuma isale uzioni, unalifunga fundo, unarudi umelishika kwa mikono miwili, uso umeukunja kama mzee wa ukoo. Nami, mjinga wako, nilikuwa nalipokea. Nifanyeje? Isale halikataliwi. Nililipokea, nikafuta machozi, ukabonyeza kitufe tukaanza upya, na baada ya muda mfupi mguu wako ukapata tena bahati mbaya.

Hadi Mama akaona uzio wa upande wa juu umeota kipara. Alimshuku mbuzi wa jirani, akaenda kumsema jirani, jirani akaapa kwa Mungu kwamba mbuzi wake hali masale. Mama akarudi akiwaza. Siku alipogeuza godoro langu kulianika, akayakuta yote yamekaukia pale chini, kila moja na fundo lake. Tulijua tutachapwa. Hakutuchapa. Alikukalisha kwenye kigoda cha kukamulia, akakwambia kwa sauti ya chini kabisa, "Isale halichumwi kwa mchezo. Siku utakayolihitaji kweli, utakuta umelimaliza."

Nakumbuka ulivyonitazama. Uliamini kila neno.

Halafu ukakua, ukaingia kidato cha pili, ukatuhamishia Kwa Sadala kwa Mangi Deki. Tulimwita hivyo kwa sababu deki ya video ilikuwa ni yake na ndani ya kile kibanda umiza cha sinema alitawala kama mfalme, kuanzia mabenchi hadi gunia lililoziba mlango. Mtafsiri wake alikuwa amehamia Arusha, nawe ukajitokeza kuchukua nafasi. Ulimwambia Kiingereza unakimudu. Ukweli ni kwamba maneno uliyokuwa na uhakika nayo yalikuwa yale ya kwenye TV game: anza, simama, umekufa. Mzungu akizungumza dakika nzima, wewe ulisema, "Anasema twende." Akisema neno moja, ulihubiri hadi sinema ikakuacha nyuma. Na watu walikupenda. Kina mama waliotoka sokoni wameshika vikapu walikuwa wanaulizana mlangoni kama leo anayesema ni mtoto wa mzee wa kanisa.

Sasa ile kanda isiyo na jalada. Nikiikumbuka najishika mbavu hata nikiwa peke yangu jikoni. Ilikuwa ni sinema ya dhihaka, iliyotengenezwa kuwacheka wale mapolisi wa kwenye sinema wanaojifanya simba, lakini nani alijua? Sisi mapolisi wenyewe wa sinema tulikuwa bado hatujawaona. Za Mangi Deki zilikuwa za karate na za vita tu. Kwa hiyo alipotokea polisi mwenye miwani myeusi, akaupiga teke mlango uliokuwa wazi na kuporomoka ngazi nzima, hakuna aliyecheka. Wewe ulitafsiri kwa sauti ya msibani kwamba amejeruhiwa akiwa kazini. Akamhoji mshitakiwa kwa ukali, kumbe anaihoji sanamu ya dukani ya kuvalishia nguo; ukatuambia mshitakiwa ni sugu, amekataa kusema. Mbele kuna mama mmoja aliguna kwa huruma. Mzee mmoja akasema huko Ulaya polisi wanateseka.

Siku hiyo ndiyo aliyokuja Baba. Wazee wa kanisa walikuwa wamemtuma akakague kama zile sinema zinaharibu vijana, naye akakaa benchi la nyuma, kofia magotini, uso wa kikao. Ikafika ile sehemu ya bibi aliyemwita polisi kwa sababu paka wake amekwama juu ya mti. Polisi akavaa miwani yake vizuri, akawasha chenso, akaukata mti. Mti ukaangukia nyumba ya bibi ikawa bapa. Paka alikuwa ameshashuka mwenyewe zamani, amekaa pembeni anatazama.

Baba akacheka. Alianza kama anakohoa, kisha mabega, kisha mwili mzima, hadi kofia ikaanguka chini. Wewe ukaacha kutafsiri. Kibanda kizima kikageuka kumtazama mzee wa kanisa akicheka msiba wa watu. Akafuta macho kwa mkono wa koti, akasema, "Jamani, huyu si mjinga. Anawaiga wanaojiona mashujaa."

 Halafu nikaona maneno yanavyotembea kwenye mabenchi, mtu mmoja mmoja anafika. Mangi Deki akarudisha kanda mwanzo bila kuambiwa na mtu, na tulipoitazama mara ya pili kile kibanda nusura kianguke kama nyumba ya bibi. Yule mama aliyeguna ndiye aliyecheka kuliko wote. Na Baba aliporudi kwenye baraza la wazee, akawaambia kwamba ukaguzi haujakamilika, itabidi aende kila Jumamosi.

Kisha ikaja ile ya kweli, sinema nzito ya polisi shujaa, miwani myeusi na kila kitu. Alipoupiga teke mlango wa kwanza tu, watu wakaangua kicheko. Akimzika rafiki yake, wanacheka. Akiapa kulipa kisasi, wanagongana mabega. Mangi Deki aliudhika kabisa. Aliirudisha kanda Moshi mjini akidai haikutengenezwa vizuri, ina kasoro, watu hawaogopi.

Nimecheka vya kutosha, sasa niseme lililonileta.

Krismasi ile ya mwisho ulipokuja na chenso, Kaka, mimi nilikuwepo. Mama alikuwa ameenda Sanya Juu kwa Shangazi. Ulishuka kwenye gari umevaa miwani myeusi, nyuma umepakia miche ya parachichi, na ukaniambia nisimwambie Mama, ni zawadi. Ulisema mibuni imezeeka, mgongo wa Mama umechoka kuinamia kahawa, parachichi hazina usumbufu. Nia yako ilikuwa njema, hilo nilimwambia Mama siku ile na ninalisema leo mbele ya ukoo mzima. Mama aliporudi akakuta mibuni aliyoipanda Baba imekuwa visiki, mstari kwa mstari, hadi karibu na kaburi la Baba. Hakupiga kelele. Alisema, "Hiyo ilikuwa mikono ya baba yako," akaingia ndani. Asubuhi ulikuwa umeondoka kabla hata ya ibada.

Tangu hapo unatuma vitu kwa basi, naye anavipokea. Unapiga simu, anasema asante, anakata. Nilipomsemesha aliniambia msamaha hauombwi kwa simu, mtu anakuja na isale mkononi, nawe unajua hivyo. Nikakwambia. Na wewe ukanijibu, ukijifanya unatania, lakini mimi nakujua sauti yako: "Masale yangu nilishayamaliza kwenye pedi yako." Sikulala vizuri siku ile. Nilikuona tena kwenye kigoda cha kukamulia, mtoto mdogo aliyeamini.

Sasa sikiliza, maana kuna mambo huyajui. Visiki vilichipua. Mbuni mzee ukikatwa hivyo unaota upya, na Baba mwenyewe alikuwa anafanya hivyo kwa mistari michache michache. Wewe tu uliifanya yote kwa mkupuo, kama polisi wetu. Mama alichagua machipukizi yenye nguvu, akayapunguza mengine, na msimu huu amechuma. Na ile miche uliyoiacha imelala uani, aliipanda upande wa juu, kila mmoja na samadi yake. Imeanza kutoa maua. Wageni wakiuliza anasema ni parachichi za Eli. Kukwambia wewe hakuweza, kama ambavyo wewe hukuweza kuja. Mmefanana sana, na mnachosha.

Basi tulipomaliza kupaka chokaa, niliteremsha lile sanduku. TV ya chogo bado ipo sebuleni, imevalishwa kitambaa. Wanangu waliizunguka kwa nyuma wakishangaa kinachojaza tumbo lote lile. Nikachomeka, ikagoma. Nikaichomoa kaseti nikaipuliza, mate na yote, ikawaka. Ule wimbo wake ukaanza, Kaka, ule wa mwanzo unaojirudia, na Mama akatoka jikoni na mwiko wa mtori wa ndizi mkononi akasimama mlangoni.

Binti yangu alinyoosha mkono achukue pedi ya kwanza. Mama akamwambia, "Hiyo ni ya mjomba wako, iache." Mtoto akachukua ya pili, akabonyeza kila kitu kilichobonyezeka, hakuna kilichotokea. Akaniuliza imeharibika? Nikamwambia haijaharibika. Tukakaa hapo sote tunatazama vijamaa wawili wamesimama mwanzoni, wa kijani na wa njano, na wimbo unazunguka.

Nikatoka nje. Uzio wa upande wa juu, pale ulipopafanya kipara, sasa umeshonana hata kuku hapiti. Nikachuma isale moja, nikalifunga fundo, nikarudi nikapiga magoti mbele ya Mama, nikamnyooshea kwa mikono miwili.

Aliuliza, "Amekutuma?"

Sikumdanganya. Nikamwambia hujanituma, unaogopa kuja kwa sababu ulimwamini, unadhani uliyamaliza utotoni.

Mama alilitazama lile jani, kisha akageuza macho kwenye pedi yako pale mezani. Nikaona mabega yanaanza. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, Kaka, kicheko kile kile cha Baba kinachoanzia mabegani. Hakuwahi kuingia kwa Mangi Deki hata siku moja, lakini Baba alikuwa akimsimulia kila Jumamosi, kumbe yote anayo. Akasema, "Baba yenu angemwona na ile miwani na chenso, kofia ingeanguka." Kisha alicheka na kulia kwa pamoja, akaweka mwiko chini, akalipokea isale kwa mikono yake miwili. Amelichomeka juu ya mlango wa mbele, na amenipa ujumbe niufikishe kama ulivyo: "Mwambie aje. Asije na chenso."

Nimekukumbuka, Eli. Nimechoka kucheka peke yangu darini. Isale limepokelewa, mtori utakuwepo, na kwenye benchi lako kanisani Shangazi ameanza kuweka mkoba wake. TV game nimeiacha mezani, pedi yako upande wako. Nimefanya yote ambayo pedi yangu inaweza kufanya, na unajua haina kitufe cha kuanzia. Njoo ubonyeze.

Mdogo wako,
mchezaji wa pili